Mwali na Daftari Lake



Mwezi wa Desemba shule zinapofungwa, msafiri atokaye Mwenge kwenda Bagamoyo jioni ya Jumamosi husikia ngoma hata kabla hajafika Mapinga. Zamani ngoma hizi zilifuata mavuno. Siku hizi zinafuata kalenda ya shule. Mwali anatolewa likizoni, na Januari anaonekana kituoni akingoja daladala, ana sare mpya na mkoba mgongoni. Mtu asiye mwenyeji wa pwani hii anaweza kudhani kwamba ngoma na daftari ni mambo mawili yasiyojuana. Sivyo. Mtoto wa kike wa pwani amekaa katikati ya mambo hayo mawili tangu siku ile bibi zetu walipoanza kupelekwa shule, na leo napenda tuyatazame kwa utulivu, bila ya kuwacheka wazee wala kuwalaani vijana.

Nianze na msemo wenyewe. Kwa Kiswahili tunasema msichana amevunja ungo. Ni msemo wa adabu; hautaji damu, hautaji mwili, na kila mtu mzima anauelewa. Lakini nyuma ya adabu hiyo palikuwa na utaratibu kamili. Miongoni mwa Wazaramo, Wakwere na Wadoe, na hali kadhalika Waswahili wa mjini Bagamoyo kwa namna yao, binti aliyevunja ungo hakumwendea mama yake. Aliogopa, na mama naye alikatazwa na haya. Habari ilipita kwa bibi au kwa shangazi, akatafutwa somo, na binti akapelekwa kwenye mti wa mkole, akaanza kufundwa. Baada ya hapo aliwekwa ndani. Hakuonekana na wanaume, hakwenda kisimani, hakupigwa na jua. Kwa Wazaramo alikabidhiwa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti isiyo na mikono wala miguu, yenye kichwa kilichochongwa kwa ufundi, naye aliitunza kama mtoto, akiiosha na kuipaka mafuta. Miezi ikapita, na katika zama za nyuma zaidi hata miaka. Siku ya kutolewa alibebwa mabegani, amepambwa, kijiji kizima kikimshangilia.

Bibi Marja-Liisa Swantz, mtaalamu kutoka Ufini, aliishi Bunju katika miaka ya 1960, wakati Bunju bado ilikuwa kijiji cha mihogo na minazi, wala hakuna aliyefikiri kwamba siku moja watu watakwenda kazini mjini kila asubuhi wakitokea huko. Kitabu chake juu ya mila za Wazaramo kilitoka mwaka 1970. Kuanzia mwaka 1975 alishiriki pia katika utafiti ulioitwa Jipemoyo, uliofanyika katika vijiji vya magharibi ya Wilaya ya Bagamoyo. Nawataja watafiti hawa kwa sababu moja. Wakati wasomi wengi wa mjini walikuwa wakiona unyago kuwa ni ushenzi wa kuachwa, wao walikaa na akina mama wa kijijini na kuwasikiliza, na wakatambua kuwa kule ndani, nyuma ya mlango uliofungwa, palikuwa na elimu. Unaweza kubishana na elimu hiyo. Huwezi kusema haikuwapo.

Lakini mlango ule ulifungwa kweli. Tuchukue mfano wa mtu ambaye kila msomaji wa gazeti hili anamfahamu, Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alisoma miaka michache tu. Alipovunja ungo aliwekwa ndani kama desturi ilivyotaka, kisha akaozwa angali na umri wa miaka kama kumi na minne. Haya aliyasimulia mwenyewe kwa mwanahistoria Susan Geiger, ambaye kitabu chake juu ya wanawake wa TANU kilichapishwa mwaka 1997. Angalia basi yaliyofuata. Mwanamke huyu huyu, aliyenyimwa darasa, ndiye aliyeombwa mwaka 1955 aongoze sehemu ya wanawake ya TANU, naye akaingia mtaani kuwaandikisha akina mama. Aliwatafuta wapi? Katika vikundi vya ngoma. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi kilichoitwa Bomba, na alijua kwamba mwanamke wa Dar es Salaam, ambaye hakualikwa mkutanoni wala barazani, alikuwa na uongozi wake, mabibi wake na wajumbe wake, ndani ya ngoma. Katika muda wa miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi.

Kwa hiyo tusiseme kwamba waliowekwa ndani walitoka wakiwa wajinga. Walitoka wakijua kukaa pamoja, kutunziana siri, kuchangishana na kutiiana. Ila hawakutoka na cheti. Tena si kila aliyefungiwa alitoka Bibi Titi. Hilo nalo tulikumbuke tunapopenda kusifu ya kale.

Wala tusidhani kwamba pwani hii ilikuwa na njia moja tu ya kumlea binti. Pale pale Bagamoyo, mapadre wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, wakakusanya watoto waliokombolewa utumwani, wavulana kwa wasichana. Wasichana walilelewa na masista. Hawa hawakuwa na shangazi wala bibi wa kuwapeleka penye mkole. Ukoo wao ulikuwa umebaki mbali, njiani ambako misafara ilipita. Walifundishwa kusali, kulima, kushona na kupika, na walipokua waliozwa vijana waliolelewa katika misheni ile ile, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha misheni. Waliwekwa huru, lakini mume wao alipangwa na wengine, kama alivyopangwa mume wa jirani yao Mzaramo. Tofauti ni nani aliyepanga. Na nje ya ukuta wa misheni walikuwapo wasichana wengine, wajakazi katika nyumba za matajiri, ambao hakuna mtu aliyewapigia ngoma ya kuwatoa. Utumwa wenyewe haukufutwa na sheria katika Tanganyika hadi mwaka 1922. Msomaji wa Bagamoyo, ukihesabu vizazi kwa vidole, utaona kwamba huyo si mtu wa mbali. Yeye ni mama wa bibi wa bibi yako, pengine.

Sasa tuje kwa mama zetu na dada zetu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa watoto wote, na mwaka 1977 likatekelezwa nchi nzima. Kwa mtoto wa kike wa pwani, UPE ilikuwa jambo kubwa kuliko wengi wanavyokumbuka. Kabla yake mzazi aliulizwa kama anataka kumpeleka binti shule. Baada yake mzazi aliulizwa kwa nini hajampeleka. Katikati ya miaka ya 1980 wasichana walikuwa karibu nusu ya wanafunzi wote wa shule za msingi nchini. Ngoma ikalazimika kusogea. Kuwekwa ndani kwa miaka kukawa miezi, miezi ikawa majuma, na majuma sasa yamekuwa siku chache za likizo. Kungwi ambaye zamani alikuwa na mwaka mzima wa kufundisha, leo ana siku saba, na katika siku hizo saba anayo kazi ya kupika pilau.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, ulipo mzizi wa mambo. Hebu tupige hesabu. Zamani binti alivunja ungo akiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne, na baada ya mwaka mmoja au miwili alikuwa mke wa mtu. Mafunzo yote ya kungwi yalikuwa ya kipindi hicho kifupi: namna ya kujisitiri, namna ya kumheshimu mume na wakwe, namna ya kuitunza nyumba na kitanda. Leo binti huyo huyo anavunja ungo yuko darasa la sita au la saba. Mbele yake kuna kidato cha nne, kidato cha sita, chuo. Akiolewa akiwa na miaka ishirini na tatu au ishirini na nne, amepita miaka kumi ambayo mila haikuipangia chochote. Si mtoto, maana ngoma imeshalia. Si mke. Tunamwita mwanafunzi, na neno hilo halisemi lolote juu ya mwili wake. Kungwi amemfunza kumpendeza mume ambaye hayupo, mwalimu amemfunza viungo vya uzazi vya chura, na mama bado anaona haya. Nani atamwambia namna ya kuishi miaka hiyo kumi?

Jibu, kwa masikitiko, ni kwamba mara nyingi anayemwambia ni kijana wa bodaboda.

Nisieleweke vibaya, vijana hao wanafanya kazi halali, na wengi ni watu wenye adabu zao. Lakini fikiria safari ya msichana wa kidato cha pili katika vijiji vilivyo ndani ya barabara ya Bagamoyo. Shule za sekondari za kata, zilizoenea baada ya mwaka 2004, zilileta darasa karibu kuliko zamani, ila karibu hiyo bado inaweza kuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, asubuhi giza halijatoka, jioni giza linaingia. Tangu Januari 2016 ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne imeondolewa, jambo jema sana. Nauli haikuondolewa. Wala sabuni, wala daftari, wala chakula cha mchana. Mtu anayempa binti lifti mara tatu na sahani ya chipsi mara moja hajamlazimisha, hajamtishia. Amemtimizia mahitaji ambayo sisi wazazi tulijifanya hatuyaoni. Wengine hupangishiwa chumba karibu na shule, wasichana wawili au watatu na jiko la mkaa, bila mtu mzima. Wazee wetu walimfungia mwali ndani ya nyumba yenye bibi. Sisi tumempangishia chumba kisicho na bibi, kisha tunashangaa.

Takwimu za utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 zinaonyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba. Utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha asilimia 27. Kwa hiyo tunakwenda mbele, ila polepole, na kila mmoja katika hesabu hiyo ni binti wa mtu.

Sheria zimesema nini? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa wakati wake, ilikuwa hatua ya kishujaa. Ilitaka ridhaa ya mwanamke, ilitaka ndoa iandikishwe, ilikataa kwamba mume ana haki ya kumpiga mke. Lakini kifungu cha 13 kiliruhusu mvulana aoe akiwa na miaka 18 na msichana aolewe akiwa na 15, hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mwanasheria Rebeca Gyumi alikipinga kifungu hicho pamoja na cha 17, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufani, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo, ikaagiza umri uwe miaka 18 kwa wote. Kwa upande wa shule, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi.

Miaka thelathini! Ni adhabu ya kutisha, na labda kutisha huko ndiko kunakoiponza. Maana katika vijiji vyetu, aliyempa binti mimba si mgeni. Ni mtoto wa mjumbe, ni mpwa wa imamu au wa katekista, ni jirani anayewakopesha unga. Basi wazee hukaa barazani, kesi inamalizwa nyumbani, fedha zinapita mkononi mwa baba, na binti anapelekwa kwa mama mkubwa wa mbali, Tanga au Morogoro, hadi ajifungue. Polisi wakija, shahidi hayupo. Naandika haya nikijua kwamba baadhi ya akina baba wanaosoma ukurasa huu Jumapili ya leo wamewahi kukaa katika baraza la namna hiyo. Fedha ile ilinunua nini, ndugu? Mabati?

Na binti mwenyewe? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: amefukuzwa shule. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa la maadili au kwa kuolewa, na shule zikaihesabu mimba kuwa ni kosa hilo. Juni 2017, akiwa katika ziara ya Mkoa huu wetu wa Pwani, Rais John Magufuli alitangaza kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali. Watu wengi walipiga makofi, na tuwe wakweli, miongoni mwao walikuwapo akina mama. Walihofu kwamba mmoja akirudi, wengine wataiga. Kenya ilikwisha kuruhusu wasichana hao warudi tangu mwaka 1994, na sijasikia kwamba wasichana wa Mombasa walishindania kupata mimba ili waonje raha ya kunyonyesha huku wakisomea mtihani. Hapa kwetu, tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu Profesa Joyce Ndalichako alitangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliopata mimba, wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Mwaka uliofuata ukatolewa mwongozo wa kuwarudisha. Septemba 2022 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto nayo ikatoa uamuzi kwamba kuwafukuza wasichana hao na kuwapima mimba kwa lazima kulivunja haki zao.

Ruhusa basi ipo. Lakini ruhusa haimbebi mtoto mchanga saa mbili asubuhi. Msichana anayerudi anahitaji mtu wa kukaa na mwanawe, anahitaji sare ambayo sasa haimtoshi kifuani, anahitaji kuvumilia jina atakaloitwa na wenzake. Katika nyumba nyingi mtu wa kulea yupo, ni bibi, na bibi huyo umri wake ni miaka thelathini na mitano au arobaini, kwa kuwa naye alizaa mapema. Nimeona akina bibi hao vijana wakifunga genge saa za asubuhi ili binti aende darasani. Hawapigiwi ngoma na mtu yeyote. Kama unataka kujua ni wapi unyago umebaki na maana yake halisi, tazama hapo.

Nilisema kwamba nauli na sabuni ni mambo madogo yenye makali. Liko lingine, ambalo wanaume husoma haraka na kugeuza ukurasa. Tafadhali usigeuze. Zamani somo alimpa mwali vitambaa vyake na kumfunza namna ya kuvifua na kuvianika pasipo kuonekana. Binti wa leo anakaa darasani saa nane na wavulana arobaini, na choo cha shule pengine hakina maji wala komeo. Siku hizo anabaki nyumbani, siku tatu au nne kila mwezi, na mwalimu wa hesabu hamngoji. Kenya iliondoa kodi ya taulo za kike mwaka 2004. Sisi tuliondoa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, kisha mwaka 2019 msamaha huo ukafutwa, kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Ni kweli, bei haikushuka. Wafanyabiashara walikula tofauti hiyo. Ila mimi sijapata kuelewa kwa nini aliyeadhibiwa kwa ulafi wa mwenye duka awe ni msichana wa darasa la saba.

Na wewe mfanyakazi wa mjini, unayesoma haya Sinza au Tegeta huku chai ikiletwa mezani, hebu mtazame anayeileta. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Tuseme wa kwako ametimiza kumi na tano. Ametoka kwao kwa basi, akakabidhiwa jiko, watoto na ufunguo. Analala wa mwisho, anaamka wa kwanza. Je, alipovunja ungo katika nyumba yako, nani alimwambia? Wewe mama mwenye nyumba ulikuwa ofisini. Shangazi yake yuko maili mia tatu. Kama hukumbuki, basi alijitegemea peke yake chooni, na kitambaa alichotumia ni kile kilichopotea kwenye kamba ukamfokea. Binti yako umemtafutia somo na ukumbi na mpiga picha. Huyu wa pili ana umri ule ule.

Baada ya hayo mazito, niseme pia kwamba pwani yetu ina wanawake ambao wamejitengenezea njia. Nenda Mlingotini wakati bahari inapokupwa. Utawaona akina mama majini, kanga zimekazwa kiunoni, wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba zilizotandikwa baina ya vigingi. Kilimo hiki kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na baadaye kikavuka kuja kwetu. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi. Bei si ya kujivunia, maji yamekuwa ya moto na aina bora inakufa, na kuhamia kina kirefu kunataka kujua kuogelea, jambo ambalo mtoto wa kike wa pwani, ajabu, mara nyingi hakufundishwa; bahari ilikuwa ya kaka yake. Pamoja na hayo, fedha ya mwani huingia mkononi mwa mwanamke moja kwa moja. Mama mwenye fedha yake haombi ruhusa ya kununua daftari. Sina haja ya kuongeza.

Au nenda Bagamoyo mjini, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Binti anacheza jukwaani, mbele ya wageni na wanaume, ngoma ambayo bibi yake aliicheza chumbani mlango umefungwa. Wapo wanaosema huko ni kuivua nguo mila. Ubishi huo si mpya. Fatuma binti Baraka, yule Bi Kidude wa Unguja aliyefariki mwaka 2013, alikuwa kungwi hasa, mwenye kupiga msondo katika unyago, na papo hapo aliimba duniani kote bila buibui usoni. Yeye hakuona kwamba moja linamzuia la pili. Mjini humo humo, katika ukoo wa marehemu Hukwe Zawose, ambaye alihamia kutoka Ugogo na kufia Bagamoyo mwaka 2003, wanawake kwa miaka mingi waliitikia nyuma huku wanaume wakiongoza. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao wenyewe, wakiwa mbele, na kuiita Maisha. Ilichukua muda.

Basi nirudi kwa kungwi, maana Desemba haiko mbali na wengi wenu mmeshaanza kuchanga. Wako wazazi wasomi wanaosema ngoma ifutwe, na wako wazee wanaosema ifanywe kama zamani. Mimi nasema mlipe kungwi, lakini mkae naye kwanza. Muulizeni atamwambia mwali nini juu ya ile miaka kumi. Atamwambia namna ya kukataa lifti, kwa maneno gani, na kumwendea nani akishindwa kukataa? Atamwambia kwamba akipata mimba aje nyumbani siku hiyo hiyo, asinywe majivu wala dawa ya kienyeji? Atamweleza kwamba shule itampokea tena? Kungwi ana jambo moja ambalo mwalimu na daktari hawana: mwali anamwamini, na neno alilofunzwa kwa wimbo halisahau hadi uzeeni. Maneno ya ndani ya nyimbo hizo yamebadilika mara nyingi kuliko wazee wanavyokiri, na si haramu yakabadilika tena. Pale ambapo familia haina mila ya unyago, kwa dini au kwa kabila, bado shangazi yupo, mama mdogo yupo, nesi wa zahanati yupo. Chagueni mmoja, mumpe kazi hiyo kwa jina, naye binti aambiwe kwamba huyu ndiye.

Baba naye asiseme hayo ni ya wanawake. Fedha ya pilau ameitoa yeye. Atoe basi na ya taulo, kila mwezi, bila ya kungoja kuombwa, aiweke mahali binti anapopajua; na siku ya kikao cha wazazi shuleni asimtume mdogo wake. Akifika huko, kabla ya kuuliza nafasi aliyoshika mwanawe darasani, atembee hadi nyuma ya madarasa akakitazame choo cha wasichana kama kina komeo.

Juma lijalo, inshallah, tutajibu barua za wasomaji juu ya malezi ya mtoto wa kiume, ambaye naye hakuna aliyemwambia kitu.